Mita Haisemi Uongo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya! Manispaa wameleta tangazo na kulibandika kwenye nguzo ya umeme, juu kabisa ya tangazo langu la kuuza nyumba. Adabu hakuna. Nimelisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini.

Wanasema mtaa wetu una nyumba tupu nyingi kuliko zenye watu. Kana kwamba hatuna macho. Tangu kiwanda cha viatu kifungwe watu wamehama mmoja mmoja, na kila aliyehama aliniachia ufunguo ili nimuuzie, maana dalali ni mimi. Nina funguo kumi za watu. Wa kumi na moja ni wa nyumba ya marehemu mzee wetu, ile ya kwanza kabisa kule chini, ukutani mwa kiwanda. Sasa wameamua kwamba nyumba iliyokaa mwaka mzima bila mtu apewe yeyote aliye tayari kuitengeneza na kuishi humo miaka mitano. Bila kodi! Huo ni wizi, tofauti yake ni kwamba una muhuri.

Nyumba ya mzee ina miaka sita haina mtu. Si kwamba imekosa wateja. Walikuja, wakataja bei za matusi, nikawafukuza. Bei yangu ni ileile aliyotajiwa mzee enzi zile kiwanda kinapiga zamu tatu, na nimeandika wazi kwenye tangazo: HAIPUNGUI. Siku hizi mtaani wananiita hivyo, Haipungui. Nalichukulia kama jina la heshima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja asubuhi, kabla sijavaa shati. Nusu ya nyumba ya mzee ni yake na hachoki kunikumbusha. Amekuja na muuguzi wa zahanati, msichana mpole, anayebanana na mama yake mzee kwenye chumba kimoja kilicho nyuma ya stoo ya mkaa. Anataka kukaa kwa mzee. Kodi hana nyingi, ila atapaua upya na kuziba ufa wa ukuta wa bafuni.

Nikamwambia bei. Dada akasema mdogo wangu, hakuna anayenunua, nyumba bila mtu inakufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwamba ukuta mpya unapandisha thamani. Muuguzi akacheka. Kisha akaniona usoni, akaacha.

Walipoondoka nilivaa shati. Hawanielewi. Mzee alishona soli miaka thelathini ili ajenge vyumba vile vinne. Nikikubali bei ya leo, ni kama nakubali kwamba alishona bure. Hilo linaniuma, na nalisema hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Pia nimemwona Bei Poa akipita na wageni. Huyu naye anajiita dalali! Mbinu yake ni moja: mpangaji atengeneze paa, kodi isamehewe mwaka wa kwanza. Kwa ujinga huo amejaza nyumba tatu huku juu kwetu. Anaharibu soko, na bado anatembea anatafuna karanga kama mtu mwenye dhamiri safi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekutana na mkaguzi wa manispaa. Ni mama wa makamo, miwani minene, daftari kubwa, maneno machache. Nilimbebea mwavuli mtaa mzima huku nikimchimba.

Amekubali kunieleza. Yeye hamuulizi mtu kama nyumba ina watu, kwa sababu watu ni waongo. (Nilitikisa kichwa kwa masikitiko.) Yeye husoma mita ya maji. Anasoma leo ya leo, anarudi baada ya juma moja. Ikiwa imesogea, nyumba ina mtu. Ikiwa imelala, haina. Mita haisemi uongo, akasema, akachukua mwavuli wake.

Wazo limenijia jioni nikinyoa ndevu. Nimejikata mahali pawili kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mita zote ishirini za mtaa zimesomwa. Nyumba tisa za huku juu tunakoishi watu, nyumba kumi na moja za kule chini. Mkaguzi alihitaji shahidi wa kutia sahihi kwa niaba ya wenye nyumba. Nikajitokeza kabla hajamaliza sentensi. Sahihi yangu ina mkia mrefu, ilivuka mstari ikaingia ukurasa wa pili. Bei Poa alikuwa pembeni, akanishauri nisome kwanza. Nikamwambia wazoefu hatusomi kila kitu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kazi! Nimeshuka na funguo zangu kumi na moja. Mpango ni mwepesi: kila nyumba nifungue koki moja, maji yatoke kama uzi, mita isogee kidogo kidogo mpaka Alhamisi. Nani atajua?

Nimeanza kwa mzee. Nikafungua ya bafuni. Hola. Upepo tu, unapiga mluzi. Kumbe maji yaliyokatika Alhamisi jioni mtaa mzima hayajarudi bado, kama kawaida yao! Nikaifungua zaidi. Nikaifungua yote. Nyumba ya pili vilevile, ya tatu vilevile, hadi ya kumi na moja. Zote nimeziacha wazi kabisa, nikaenda nyumbani kula, nikiwa na nia safi ya kurudi maji yakija nizipunguze.

Nimekula. Nimelala kidogo. Alasiri nimeshuka, na jamani! Mtaa mzima wa chini unanguruma. Nimechungulia mita ya mzee, mkono wake mwekundu hauonekani kwa mbio. Nimesimama pale nikitabasamu peke yangu. Nyumba ya mzee kuwa na sauti tena!

Sikuzipunguza. Nimefikiri: uzi wa maji ni wa mtu mmoja mgonjwa, mimi nataka familia. Nimezigawia kila nyumba watu wake. Ya pili ina mapacha. Ya tatu nimempa bwana mnene asiye na mke, anayeoga sana. Nimeanza hata kumpenda.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Huku juu bado hakuna maji. Hata tone. Si kwetu tu, nyumba zote tisa. Manispaa bure kabisa! Wanajua kuhesabu nyumba za watu, kuleta maji hawajui.

Mke wangu kachukua ndoo mbili akashuka. Karudi zimejaa, akasema kwa mzee kuna maji ya kumzamisha ng'ombe. Nimewatangazia majirani wote kwamba nyumba ya marehemu mzee iko wazi, wateke watakavyo. Ukarimu haumpunguzii mtu kitu. Kufika saa nne kuna foleni mlangoni kwa mzee! Ndoo, madumu, masufuria, akina mama wanagombana nani kamtangulia nani. Miaka sita nyumba haijapigwa hodi, leo ina foleni. Laiti mkaguzi angepita.

Bei Poa naye kaja na dumu lake. Akauliza kwa nini koki zote za chini ziko wazi. Nikamwambia ni sadaka. Akalitazama bomba linavyotoka barabarani kule chini na kupanda kwetu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Husuda mbaya sana.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku ya tano huku juu hatuna maji. Nimewaandikia manispaa barua kali kuhusu uzembe wao. Nimetumia neno "kinyaa" mara mbili.

Mke wangu anasema goti limevimba kwa kupanda na ndoo. Kasema kaolewa na mwenye koki kumi na moja na bado maji anayabeba kichwani. Nimemwambia mazoezi ni afya. Mchana kaniwekea sahani tupu mezani, akanieleza kwamba chakula hupikwa kwa maji.

Jambo jingine dogo: ule ufa wa bafuni kwa mzee. Wiki iliyopita ulikuwa wa kupitisha karatasi. Leo kidole changu kimeingia, na kikapata baridi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Ushindi! Mkaguzi amekuja kusoma mita mara ya pili. Tumeanza chini. Zote kumi na moja zimesogea, na si kidogo. Kwenye ya tatu alivua miwani, akaifuta, akasema nyumba hii imetumia maji ya hospitali. Nikamwambia huyo bwana anaoga mno, hata sisi tumemsema. Akaandika.

Akataka tupande naye nyumba za juu ndipo nitie sahihi. Kwa jua lile? Na huku juu kunani cha kusoma, kila mtu anajua tunaishi. Nimemwokolea muda, nikamtilia sahihi kurasa zote palepale, hata zilizokuwa hazijaandikwa. Mimi ni mtu wa kusaidia. Nikaenda zangu kulala, huku nyuma nikisikia viatu vyake vinapanda kilima.

Jioni nimezifunga koki zote. Nimemuaga na yule bwana mnene.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa ndani nakunywa chai nikasikia mtu anapaka gundi mlangoni. Nikafungua. Karani wa manispaa, kopo la gundi mkononi, karatasi ya njano mlangoni kwangu: NYUMBA HII HAINA MTU. Nikamwambia mtu yumo, ndiye mimi. Akatazama orodha yake. Akanitazama mimi, kikombe na yote. Akasema kwa mujibu wa kumbukumbu hayumo. Akaenda mlango wa jirani.

Milango yote tisa! Nyumba zote zenye watu hazina watu, na zote kumi na moja tupu zimejaa. Kwa mzee hakuna karatasi hata ya ukubwa wa stempu. Kwa dakika moja nilifurahi, nakiri.

Kisha majirani wakanijia. Watu kama thelathini wasiokuwepo, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Bei Poa ndiye aliyewaeleza, polepole, kama anafundisha chekechea: bomba linaanzia chini, koki kumi na moja zilizoachwa wazi zimemeza maji yote, huku juu hayakufika, mita zetu zikalala. Nikajitia sielewi. Halafu nikaelewa. Halafu nikajitia tena.

Mke wangu aliingia ndani. Alikaa kwenye kiti chake cha jikoni, akanitazama, na ningependelea anitukane.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Ofisini manispaa. Karani yuleyule. Nimemwambia kuna makosa, mimi naishi. Akafungua daftari akanionyesha sahihi yangu, mkia wake na yote, chini ya maneno "mita hizi nimezishuhudia na ni za kweli". Kurasa zote. Akasema njia ni moja tu: shahidi aandike kwamba mita zilidanganywa, na aliyezidanganya ni nani.

Nikapiga hesabu kichwani. Nikisema kweli, nyumba ya mzee inakwenda. Nikinyamaza, tunakwenda sote tisa, na mke wangu na goti lake. Nikauliza kama kuna njia ya tatu. Akasema ipo, nitoke nje, ni saa ya chakula.

Nimekaa kwenye benchi la nje nikaandika barua nzuri. Nimeeleza kwamba mtu asiyejulikana, mpenzi wa karanga, aliingia katika nyumba zile na kufungua koki kwa nia mbaya. Karani karudi kutoka kula, kaisoma, kaniuliza funguo anazo nani. Zilikuwa kiunoni mwangu, na zinalia nikihema.

Mkaguzi akatoka chumba cha ndani. Akasema mita haikusema uongo, maji yalipita kweli. Kosa ni lake, hakuuliza yalikuwa yanakwenda kwa nani. Karatasi za njano zitabanduliwa. Alhamisi atapita upya mlango kwa mlango, atabisha hodi, na atakayeitikia ndiye mkazi.

Hodi tu? Nimeshuka ngazi zile nikipiga mluzi.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimehamia kwa mzee. Godoro, kiti kimoja, sufuria ya kuonekana. Mke wangu kauliza kama namwacha. Nimemwambia ni siku moja tu, ni mbinu. Kasema nisiwe na haraka, nikae hata mbili.

Sakafu bado ni mbichi kila mahali. Mlango umevimba kwa maji, nimeusukuma kwa bega hadi ukafunga. Umekaza vizuri. Mlango imara ni dalili ya nyumba imara.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Hodi ilipigwa saa tatu. Nikanyanyuka taratibu, kama mtu wa kwake. Nikavuta mlango. Haukuja. Nikavuta kwa mikono miwili, kitasa kikanibaki mkononi.

Nikapiga kelele kwamba nipo, naishi hapa! Mkaguzi akauliza kutokea nje, kama naishi humo huwa natokaje. Nikamjibu kwamba sipendi kutembea. Nikasikia watu wanacheka, nikamtambua na Bei Poa. Madirisha yana nondo, mzee alizipigilia mwenyewe, hazitoki. Nikaupiga mlango teke. Mlango ukatulia. Ukuta wa bafuni ndio uliosogea, na bonge la plasta likanishukia utosini.

Waliuvunja mlango. Aliyeingia wa kwanza ni muuguzi. Akanikalisha kwenye godoro langu bichi, akanisafisha damu, akanifunga bendeji. Mikono yake ilikuwa kwangu, macho yake yalikuwa darini, anapima mabati. Dada alikuwa nyuma yake. Mkaguzi akatoa fomu, dada akatia sahihi palepale mgongoni mwa Bei Poa. Miaka mitano.

Sikubisha. Nilikuwa naangalia ukuta wa sebuleni, pale mzee alipokuwa akitupima urefu kwa penseli kila mwaka, dada na mimi. Ufa umefika mpaka hapo. Umeipita mistari ya dada pembeni, umekata yangu yote. Nililia. Niliwaambia ni vumbi la chokaa, na hakuna aliyenibishia, jambo ambalo lilinifanya nilie zaidi.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Sijaandika wiki tatu. Nilikuwa nanuna.

Wenye nyumba wamesikia habari za koki. Wamechukua funguo zao, tisa zote, wakampelekea Bei Poa. Umenibakia mmoja, wa ile nyumba ya pili, pale jirani na kwa mzee. Mwenyewe yuko ng'ambo na aliniandikia tangu mwanzo kwamba nitakavyoamua ni sawa, anachotaka ni kuitoa mikononi.

Kwa mzee kuna mlango mpya. Ufa umezibwa, bati nne zimebadilishwa. Muuguzi kaiacha mistari ya penseli, kapaka rangi kuizunguka, sijui nani kamwomba. Mama yake anakaa barazani kutwa, anasalimia wapita njia wote na mimi ananiuliza kama nimepata kazi. Nyumba nne za chini zina taa tayari. Kuna mtu kafungua duka la kuchaji simu. Dada anasema mtaa umepata roho, na kwamba natakiwa kujifunza kitu.

Nimejifunza! Na leo nimepata nafasi ya kuonyesha.

Kaja mwoka mikate, mtu mzima, suruali ina unga. Anataka nyumba ya pili. Kasema alipita hapa mwaka jana akaogopa, safari hii kaona mapazia jirani, kamwona bibi barazani, moyo ukatulia. Ana hela mkononi, atajenga tanuri uani, ataajiri watu sita. Kauliza bei. Nikamtajia ile yangu, ya enzi za zamu tatu, nikasubiri matusi.

Akasema sawa.

Hakupunguza! Hakukuna hata kichwa. Akatoa mkono tukamatane. Miaka sita sijawahi kusikia neno hilo. Lakini dalali ni dalali. Nikajiuliza, mtu anakubali haraka hivi, ameona nini ambacho mimi sijaona? Mtaa unapanda! Bila shaka muda wote huu nimekuwa najipunja. Nikaurudisha mkono wangu mfukoni, nikamwambia samahani mzee, hiyo ilikuwa bei ya jana, ya leo ni mara mbili.

Akarudisha hela yake mfukoni. Akageuka akaondoka bila kuaga, karibu anakimbia, kuelekea kwa Bei Poa. Huko ndiko njia ya benki iliko. Mtu akiondoka mbio namna ile ujue kaenda kutafuta hela ya kuongezea.

Akirudi namwambia mara tatu.